Nimealikwa sushi ya mkanda unaozunguka, sijawahi kula samaki mbichi. Nianzie wapi?

Mwanaukerewe

Wakuu, salaam.

Mimi ni mgeni hapa Japani, nimeingia muhula huu wa Aprili kwa ufadhili wa Monbukagakusho, yaani wizara ya elimu ya Japani, nasoma shahada ya uzamili Higashi-Hiroshima. Wenzangu wa maabara wamesema Ijumaa jioni tunakwenda kula kaitenzushi, ile sushi inayopita mbele yako juu ya mkanda. Ndiyo sherehe ya kutukaribisha wageni, mimi na kijana mmoja wa Vietnam. Sensei, yaani profesa wetu, naye atakuwepo.

Nimezaliwa na kukulia kisiwani Ukerewe. Samaki nawajua vizuri: sato, sangara, furu, dagaa wa kuanika, wote nimewala tangu utoto. Ila kwetu samaki mbichi anakwenda kwenye sufuria au kwenye kikaango, haendi mdomoni. Nikifikiria kile kipande chekundu juu ya wali, tumbo linakaza. Na kukataa sitaki, kwa sababu hawa vijana wamenipokea vizuri mno. Mmoja alinipeleka manispaa kuandikisha makazi, mwingine alikaa na mimi benki mchana mzima mpaka akaunti ikafunguka.

Naomba mnisaidie. Kuna vitu vilivyopikwa, au ni vibichi vitupu? Minyoo je? Kijapani changu ni cha salamu tu, nitaagizaje? Posho ni yen 144,000 kwa mwezi na humo humo kuna kodi ya chumba, umeme na simu, kwa hiyo nataka kujua bei kabla sijakaa. Na kuna adabu gani za kuzingatia mbele ya sensei?

Nawasilisha.

BintiChumbageni

Mdogo wangu, karibu sana Japani. Ijumaa nenda, tena nenda na njaa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, na baada ya masomo nikabaki huku kikazi. Nimeshawapeleka watu wengi wa nyumbani kwenye sushi ya mkanda, wa Bukoba, wa Iringa, hata kaka mmoja wa Longido ambaye kwao samaki hawaliwi kabisa. Kwa hiyo nakuandikia kwa uhakika: kwa anayeanza, hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Kwenye mkahawa wa kukaa mbele ya mpishi, mara nyingi yeye ndiye anayeamua. Unapewa kipande, na unatazamwa unavyokila. Kwenye mkanda unaamua wewe. Samaki unamwona kabla hujamchukua, bei unaijua, na usiyemtaka ukimwacha apite hakuna anayeudhika. Anayeogopa anakula mayai, aliyezoea anakula jodari, na wote mnakaa meza moja. Naamini wenzako wamechagua huko kwa kukufikiria wewe.

Ukiingia utakuta mashine mlangoni, unabonyeza idadi ya watu, inakupa namba. Hilo waachie wenyeji wako. Mezani kuna kioo cha kugusa. Tafuta alama ya lugha kwenye kona, chagua Kiingereza. Kila chakula kina picha, kwa hiyo Kijapani hakitakusumbua. Unagusa picha, unagusa idadi, unathibitisha, umemaliza.

Usishangae ukikuta mkanda mtupu. Mwanzoni mwa 2023 zilisambaa video za vijana wakilamba chupa za sosi na kugusa sushi za watu zilizokuwa zinapita. Nchi nzima ilishtuka, na maduka mengi makubwa yakaacha kuzungusha sahani wazi. Sasa sehemu nyingi sahani inakuja pale tu ulipoiagiza, inateleza kwa mkanda wa haraka na kusimama mbele ya meza yako. Zipo sehemu ambazo bado zinazungusha, kila sahani ikiwa chini ya kawa ya plastiki angavu. Ukiinua sahani kwa ukingo, kawa inafunguka yenyewe.

Chai unajitengenezea. Kuna kikopo cha unga wa chai ya kijani, unatia kidogo kwenye kikombe, kisha unakisukuma kikombe kwenye kitufe kilicho chini ya bomba dogo pale mezani. Maji yanayotoka hapo ni ya moto sana. Nakusisitizia kwa sababu wageni wengi wanadhani ni bomba la kunawia mikono. Mikono utapangusa kwa kitambaa chenye unyevu utakachopewa.

Sasa mpangilio wa kula, na hapa nataka nikae kidogo.

Anza na tamago. Ni kipande kinene cha mayai ya kukaanga, matamu kidogo, kimefungwa juu ya wali kwa ukanda mwembamba wa mwani. Wali utauzoea kupitia hicho, maana nao ni mgeni kwako: una siki, sukari na chumvi, na ni wa vuguvugu. Fuatisha ebi, kamba aliyechemshwa na kupasuliwa katikati. Halafu inari, kifuko cha tofu ya kukaanga kilichojazwa wali, hakina samaki ndani. Kuna ya tango, ya mahindi na mayonezi, ya jodari wa kopo. Maduka mengi yana pia tambi za udon, kuku wa kukaanga na chipsi. Unaweza kushiba kabisa bila kugusa kibichi, na hakuna atakayekuuliza.

Baada ya hapo agiza tako, yaani pweza.

Pweza wa sushi kwa kawaida amepikwa. Kwanza wanamsugua kwa chumvi mpaka utelezi uishe, ndipo wanamchemsha. Mtazame kabla hujamla: ukingo wa kila kipande una rangi ya zambarau iliyoiva, ndani ni mweupe kabisa, na uso wake umekatwa kwa mawimbi madogo madogo. Mawimbi hayo si urembo tu, yanasaidia sosi ishike na nyama isiteleze juu ya wali. Ukitafuna kuna ukinzani kidogo, kisha utamu wa bahari unakuja taratibu. Mimi niliyekua nikila pweza wa nazi, aliyepondwa kwenye jiwe mpaka akalainika, sikutegemea kwamba pweza wa kuchemshwa tu, bila kiungo chochote, anaweza kuwa na ladha nyingi hivyo.

Na kuna jambo ambalo kila nikila linanigusa. Nenda supamaketi yoyote hapa, chukua pakiti ya pweza, soma nchi aliyotoka: mara nyingi utakuta Moritania au Moroko. Pweza wengi wanaoliwa Japani wamevuliwa kwenye pwani ya Afrika. Kwetu Tanga wanawake wanashuka miambani maji ya bamvua yanapotoka, na vijiti vyao, kuchokoa pweza kwenye mashimo. Nawaza kuwa huko Moritania pia kuna mtu ameinama juu ya maji kwa ajili ya sahani hii. Kwa hiyo usikae pale kama mtu aliyeingia kwenye chakula kisichomhusu. Sehemu ya sahani hizo imetoka barani kwetu.

Ukishafika kwa pweza, ngazi inayofuata ni aburi. Ni samaki mbichi aliyepitishiwa moto wa gesi juu tu, uso umeungua kidogo, mafuta yameanza kuyeyuka, chini bado mbichi. Aburi ya samoni ndiyo iliyowavusha karibu wageni wangu wote. Ukiipenda, jaribu samoni mbichi, halafu ndipo uende kwa jodari, yaani maguro. Huyo ndiye kile kipande chekundu unachokiogopa. Hana harufu kabisa, na ni laini kuliko unavyowaza.

Tena ujue kwamba samoni mbichi si mila ya kale hapa. Wajapani walikuwa wakimla akiwa amepikwa au ametiwa chumvi, kwa sababu samoni wa Pasifiki ana minyoo. Ni watu wa Norwe, miaka ya 1980, waliokuja na samoni wao wa kufugwa na kuwashawishi wamle mbichi. Kama sensei wako ni mtu mzima, huenda naye alimwonja samoni mbichi kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa. Muulize. Utapata mazungumzo mazuri.

Hilo linanileta kwenye swali lako la minyoo, na ni swali la maana. Anayeogopwa anaitwa anisakisi, yuko zaidi kwa samaki kama yule ambaye Wajapani wanamwita "saba", ndugu wa vibua wetu, na kwa ngisi. Kumgandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi kunamuua mnyoo huyo, na samaki wengi wa maduka ya mkanda wamefika wakiwa wamegandishwa. Samoni wa kufugwa analishwa chakula cha kiwandani, hivyo hatari yake ni ndogo. Lakini nakuomba jambo moja kwa moyo wote: ukirudi Ukerewe usikate sato mbichi ukasema umejifunza Japani. Samaki wa maji baridi ana vimelea vyake vingine, na sushi ya hapa imesimama juu ya majokofu, usafirishaji wa baridi na ukaguzi tangu baharini mpaka mezani.

Wasabi ni kile kiungo kikali cha rangi ya kijani. Siku hizi maduka mengi ya mkanda hayaiweki ndani ya sushi, unapewa kwenye vipakiti ujitilie mwenyewe. Pilipili kichaa inakuunguza ulimi. Wasabi inapanda puani na kukutoa machozi, kisha inatoweka. Tia ncha ya kijiti kwanza. Vile vipande vyembamba vya rangi ya waridi au njano hafifu ni tangawizi iliyolowekwa kwenye siki. Kula kidogo kati ya samaki mmoja na mwingine ili kusafisha kinywa.

Bei: sahani ya chini inaanzia yen mia moja na kitu, kwa kawaida vipande viwili. Rangi ya sahani au kioo kitakuonyesha bei, nyeusi na zenye nakshi huwa za juu. Sahani kumi zinamshibisha mtu mwenye njaa ya kawaida. Beba yen 2,000 uwe na amani. Kwenye sherehe ya kukaribisha wageni mara nyingi wageni hawalipishwi au sensei anachangia sehemu kubwa, ila usiende ukitegemea hivyo.

Adabu ni chache. Usirudishe sahani kwenye mkanda ukishaigusa. Usichukue sahani yenye alama ya kuagizwa na meza nyingine. Sosi ya soya gusisha upande wa samaki. Ukizamisha wali utabomoka. Vijiti vikikushinda tumia mkono, sushi kuliwa kwa mkono ni halali kabisa hata mbele ya profesa. Kabla ya kula sema itadakimasu, ukimaliza sema gochisosama deshita. Mkitoka, bonyeza kitufe cha hesabu, sahani zinahesabiwa, mnalipia mlangoni. Bakshishi haitolewi.

Msafiri254

Dada ameeleza vizuri, lakini mimi nina maoni tofauti. Niko Tokyo, nimetoka Nakuru. Kwenye maduka haya makubwa wali unafinyangwa na roboti, samaki amekuja akiwa ameshakatwa, na mfanyakazi kazi yake ni kuweka kipande juu. Mtu akianzia hapo atasema sushi ndiyo hii, na hatajua mkono wa mpishi unaongeza nini. Nilikula kwenye kibanda kimoja ndani ya soko la Toyosu, lile lililochukua nafasi ya Tsukiji mwaka 2018, na mzee mwenye kisu kirefu alinipa jodari ambaye alikuwa ametoka kumkata mbele yangu. Nililipa mara kadhaa ya bei ya mkanda na sijutii hata yen moja. Bwana Mwanaukerewe, kwa Ijumaa nenda na wenzako, hilo sawa. Ila usihukumu sushi mpaka ukae mbele ya mpishi.

BintiChumbageni

Kaka Msafiri, Toyosu nami naipenda, na mkono wa mpishi nauheshimu. Lakini siwezi kukubali kuwa sushi ya mkanda ni ya daraja la chini kwa sababu ina mashine.

Angalia ilikotoka. Aliyeianzisha ni Shiraishi Yoshiaki, alikuwa na duka dogo la sushi huko ambako leo ni Higashiosaka, eneo la viwanda vidogo vidogo. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda hivyo, watu wenye njaa na mshahara mdogo, na yeye wahudumu walikuwa hawamtoshi. Siku moja alitembelea kiwanda cha bia, akaona chupa zinavyosafiri juu ya mkanda, akapata wazo. Akahangaika miaka mpaka 1958 alipofungua duka la kwanza la sushi inayozunguka, Mawaru Genroku Sushi. Kasi aliyoichagua ni sentimita 8 kwa sekunde, kwa sababu ikipungua mteja anachoka kungoja, ikizidi hawezi kuchukua sahani kwa utulivu. Kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970 watu wakaiona, ikaenea nchi nzima. Kabla ya hapo sushi ya dukani ilikuwa ya siku za sherehe na ya wenye fedha. Mkanda ndio uliowezesha fundi wa kiwandani aingie na watoto wake akijua mapema atalipa kiasi gani. Mwanafunzi wa Kiafrika mwenye posho ya kuhesabu yuko kwenye mstari uleule wa watu ambao Shiraishi aliwafikiria.

Tena si kila mkanda ni wa roboti. Hapa Kanazawa kuna maduka ambayo wapishi wanasimama katikati, mkanda unawazunguka, nao wanakata samaki mbele yako. Mikanda yenyewe, karibu yote inayotumika Japani, inatengenezwa na kampuni za mkoa huu wa Ishikawa. Na samaki ni wa Bahari ya Japani: buri wa majira ya baridi mwenye mafuta mpaka anang'aa, nodoguro, na amaebi, kamba wadogo wanaoliwa wabichi, watamu, ambao vichwa vyao unaweza kuletewa vimekaangwa au kwenye supu ya miso.

Kwenye duka ninalokwenda, ukutani kuna ubao wa samaki wa siku hiyo na bandari walizotoka. Baada ya tetemeko la tarehe 1 Januari 2024, jina la Wajima, bandari ya rasi ya Noto kaskazini mwa mkoa huu, halikuonekana pale. Kule Noto sakafu ya bahari ilipanda, maji ya bandari yakapungua, boti zikakaa juu ya matope. Wateja wa duka lile ni watu wa mtaani, wazee, akina mama na watoto, na niliwaona wakiusoma ule ubao kwa makini kila wakiingia, wakimuuliza mpishi habari za wavuvi. Naye alikuwa akijibu huku mikono inafinyanga wali, sahani zinaendelea kupita. Hao watu wanajua samaki wao wanatoka kwa nani. Kwa hiyo ukiniambia kwamba kwenye mkanda hakuna moyo, nitabisha.

Msafiri254

Hapo umenifunza, dada. Ya Noto sikuwa nayajua kwa upande huo. Kanazawa naiweka kwenye ratiba yangu ya likizo, tena majira ya baridi kwa ajili ya huyo buri. Bado nitamwambia kila mtu aende Toyosu.

Kaka_wa_Likoni

Assalamu alaykum wote. Naongezea kwa ajili ya Waislamu watakaopita kwenye uzi huu. Mimi ni wa Mombasa, niko Beppu, hapa chuoni tuko wanafunzi wengi wa nje na msikiti upo, kwa hiyo mambo haya tunayajadili sana.

Samaki mwenyewe hana tatizo. Mambo ya kuangalia ni yale yanayomzunguka. Mkunga, yule wanaomwita unagi au anago, anapakwa sosi nzito tamu, na sosi hiyo kwa kawaida ina mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele ya kupikia. Sisi humwacha. Chawanmushi, ile ya mayai ya mvuke ndani ya kikombe, ina supu na kuku ndani, nayo tunaiacha. Siku hizi kuna sushi za nyama juu yake, za ng'ombe na hata nguruwe, na picha zake kwenye kioo zinafanana, basi mtu asome jina.

Njia nzuri ni hii: maduka makubwa yana jedwali la mzio, kwenye tovuti au kwenye kioo chenyewe. Nyama ya nguruwe imo kwenye orodha ya vitu ambavyo serikali ya Japani inashauri vitajwe kwa ajili ya watu wenye mzio, kwa hiyo safu yake itakusaidia kujua chakula gani kina nyama hiyo, ingawa vitu kama supu ya mifupa au jelatini vinaweza visionekane kwenye safu hiyo, basi hivyo uliza. Pombe haimo kwenye jedwali hilo. Hiyo lazima uulize, au usome lebo: ukiona neno shusei kwenye sosi ya soya au miso, ni pombe iliyoongezwa. Wengi wetu tunabeba chupa ndogo ya sosi yetu yenye nembo ya halali, tunaomba ruhusa, na sijaona mhudumu aliyekataa. Kuhusu siki ya wali, wapo wanaokula bila shaka na wapo wanaojizuia kwa sababu baadhi ya siki za sushi huchanganywa na mirin. Kila mmoja na mwanachuoni wake anayemfuata. Mimi huuliza, nikiambiwa haina mirin nakula.

Ndugu yangu Mwanaukerewe, hata kama wewe si Mwislamu, siku moja utakuwa mwenyeji wa mgeni Mwislamu. Haya yatakusaidia kumpeleka akala kwa raha.

Mwanaukerewe

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, dada BintiChumbageni zaidi.

Tulikwenda. Nilifuata ngazi uliyonipa, tamago, kamba, inari, pweza. Yule kijana wa Vietnam alikuwa anakula kila kitu, basi tukakaa pamoja akawa ananionyesha. Pweza nilimtazama kweli kabla ya kumla, yale mawimbi ya kisu niliyaona. Nikarudia. Aburi ya samoni ilipokuja meza nzima ilinyamaza kuniangalia, nikala, nikaagiza nyingine, wakapiga makofi. Samoni mbichi nimekula. Jodari mwekundu nimekula kipande kimoja, cha pili nikampa mwenzangu; si kwamba ni mbaya, nilikuwa nimefika ukomo kwa siku hiyo na nitamrudia.

Sensei nilimuuliza habari ya samoni. Alifurahi mno. Alisema nyumbani kwao, alipokuwa mtoto, samoni alikuwa ni wa chumvi, anachomwa asubuhi na kuliwa na wali, na mama yake hakuwahi kukubali kumla mbichi. Tukaanza kuzungumza habari za mama zetu na samaki, mimi nikamweleza jinsi dagaa wanavyoanikwa kwenye mchanga na mawe kule ziwani, akataka nimchoree. Nikamchorea nyuma ya kikaratasi cha namba ya foleni. Mpaka leo maabarani ananiuliza maswali ya ziwa: kina chake, upepo, taa za wavuvi wa usiku. Kabla ya hapo tulikuwa tunazungumza data tu.

Swali la mwisho. Bwenini nina jirani Mtanzania, mtu wa Mbeya, alikuwa na mafua hakuweza kuja, na amesikitika. Nataka kumpelekea. Sahani zikibaki mezani, naweza kufungiwa?

BintiChumbageni

Mdogo wangu, umenifurahisha sana, na hapo kwa sensei hasa. Kipande kimoja cha jodari kinatosha, usijilazimishe.

Zilizobaki mezani kwa kawaida hawafungi, kwa sababu za usalama wa chakula. Ila karibu maduka yote yana sushi za kubeba. Unaagiza kwenye programu ya simu au pale kaunta, unazichukua kwenye boksi na vipakiti vya sosi, tangawizi na wasabi. Kama ni mgonjwa na hajawahi kula mbichi, mchagulie tamago, inari, kamba wa kuchemsha na ya tango. Omba kipande cha barafu cha kuwekea kwenye mfuko, usipitie popote njiani, na azile jioni hiyohiyo. Asiziweke kwenye friji mpaka kesho: wali unakuwa mgumu na samaki anaharibika ladha.

Akipona, mpeleke mwenyewe, sasa njia unaijua. Jumamosi mchana foleni ni ndefu kwa sababu ya familia zenye watoto. Chukueni namba kwenye programu kabla hamjatoka bwenini, au fikeni mapema, kabla ya saa tano na nusu asubuhi.